Kutoka Kususia hadi Kushiriki: Kisangani na Ujenzi wa Wingi wa Wabunge, 1959–1960

Katika historia ya Kongo, Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, hutajwa mara nyingi kuwa ni mji wa Lumumba. Sifa hiyo si ya uongo, lakini imewazoesha wasomaji kuuona ushindi wa uchaguzi wa Mei 1960 kama tunda la ufasaha wa mtu mmoja, kana kwamba ilitosha apande jukwaani ili viti vya Bunge vimfuate. Ukweli ni kwamba hatua iliyoamua mambo ilichukuliwa wakati yeye mwenyewe yumo gerezani. Hatua hiyo ilikuwa uamuzi wa chama chake, mnamo mwisho wa mwaka 1959, kuacha mpango wa kususia uchaguzi wa halmashauri na kuingia katika kinyang'anyiro. Makala haya yanachunguza uamuzi huo na matokeo yake, kwani ndipo ulipowekwa msingi wa wingi wa wabunge uliounda serikali ya kwanza ya Kongo huru.

Siasa ya Kisangani haikuanza na vyama. Katika miaka ya hamsini, Waafrika waliosoma, wale ambao utawala wa Kibelgiji uliwaita 'évolués', walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, vya makarani, vya wanafunzi wa zamani wa shule za misheni na vya wafanyakazi wa posta. Patrice Lumumba, karani wa posta aliyetoka Onalua katika Kasai, alipitia humo. Benoît Verhaegen, aliyefundisha kwa miaka mingi katika chuo kikuu cha mji huu, alikitolea kitabu kizima kipindi hicho mwaka 1983. Madai ya vyama hivyo yalikuwa ya kiasi: mshahara sawa kwa kazi sawa, heshima katika ofisi, na ile hadhi ya kisheria ya 'immatriculation' ambayo Lumumba mwenyewe alinyimwa kwanza kabla ya kupewa mwaka 1954. Ni rahisi kuyacheka madai hayo leo. Hata hivyo, katika mikutano hiyo ndipo watu wa mji huu walipojifunza kuandika kumbukumbu za kikao, kukusanya ada na kumchagua mwenyekiti kwa kura. Chama cha siasa kilipofika kiliikuta kazi hiyo imekwisha kuanza.

Mouvement National Congolais, kwa kifupi MNC, kiliundwa Léopoldville mnamo Oktoba 1958. Baada ya machafuko ya Januari 4, 1959 katika mji mkuu, serikali ya Ubelgiji ilitangaza tarehe 13 ya mwezi huo kwamba Kongo ingepewa uhuru, bila kutaja siku. Mpango wake ulianzia chini: kwanza halmashauri za komuni za mijini na za teritwari za vijijini zichaguliwe mnamo Disemba 1959, kisha mabaraza ya majimbo yatokane nazo. Viongozi wa utaifa waliutilia mashaka. Katika mkutano wa Luluabourg wa Aprili 1959, vyama vilivyotaka Kongo moja vilidai serikali ya Wakongo ifikapo Januari 1961, nao uchaguzi wa ngazi ya chini ulionekana kuwa njia ya kuwachelewesha. Palikuwa na hofu nyingine pia: kwamba machifu waliolipwa na utawala wangezijaza halmashauri watu wao, na kisha dunia iambiwe kuwa hao ndio sauti ya Kongo. Zaidi ya hayo, Julai 1959 MNC yenyewe ilipasuka. Kalonji, Ileo na Adoula walijitenga, na sehemu iliyobaki na Lumumba ikaitwa MNC-L.

Ni chama hicho kilichopasuka, chenye maadui wapya waliokuwa jana ndugu, kilichokutana Stanleyville kuanzia tarehe 23 Oktoba 1959. Mkutano ulidai uhuru wa mara moja na kusisitiza ususiaji wa uchaguzi. Ulipokwisha, askari na wananchi walipambana katika mitaa ya Waafrika kwa siku kadhaa, na machafuko yakafika hadi gerezani. Hesabu za waliouawa hutofautiana, nyingi zikitaja kati ya 20 na 30. Tarehe 1 Novemba Lumumba alikamatwa kwa shtaka la kuwachochea watu.

Hapo chama kilisimama njia panda. Kususia kulikuwa na fahari yake, na kulikuwa na mfano wa kuigwa: katika Kongo ya Chini, Abako cha Kasa-Vubu kilikuwa kikiwaongoza Wabakongo kuupuuza utawala wote, na Disemba ilipofika wapiga kura wachache tu walijitokeza huko. Lakini Abako kilikuwa chama cha watu wa lugha moja, walioshikamana kiasi kwamba utupu wa kituo cha kupigia kura ulisomeka kama kura. Jimbo la Mashariki halikuwa hivyo. Walokele, Wamboli, Wakumu, Waturumbu, Watopoke, Waboa, Wamangbetu na Wazande hawakuwa na kabila moja kubwa la kuwaunganisha. Kituo kitupu mahali kama hapo kingesomeka kama uvivu au woga, na viti vingechukuliwa na wengine. Vilevile kiongozi alikuwa gerezani, nacho chama kilihitaji njia ya kuonyesha hadharani, kwa tarakimu, kwamba mfungwa huyo hakuwa mchochezi wa wahuni wachache.

MNC-L kikageuza msimamo katika dakika za mwisho na kuingia uchaguzini. Wakati huohuo Mfalme Baudouin wa Ubelgiji aliitembelea Kongo bila kutarajiwa. Alipotua Stanleyville katikati ya Disemba, alikuta umati ukidai uhuru na ukitaka Lumumba afunguliwe. Mfalme yuleyule alikuwa amepokewa mjini humo kwa shangwe mwaka 1955. Siku chache baada ya umati huo kutawanyika kura zilipigwa, na MNC-L kikapata takriban asilimia 90 ya kura za mji.

Inafaa kusita kidogo kwenye tarakimu hiyo. Halmashauri za komuni hazikuwa na mamlaka makubwa, na wanawake, waliokuwa wengi katika masoko na katika maandamano, hawakuwa na haki ya kupiga kura. Wangengoja hadi mwaka 1967. Lakini ushindi huo ulikuwa na faida tatu ambazo kususia kusingezileta. Ulikipa chama wajumbe halali katika kila komuni, watu wenye cheo ambao polisi hawakuweza kuwatawanya kama mkutano wa barabarani. Uliwafundisha wapiga kura namna ya kuitambua orodha ya chama miezi mitano kabla ya uchaguzi mkubwa. Na ulibadilisha maana ya kesi ya Lumumba. Mahakama ilipomhukumu kifungo cha miezi sita tarehe 21 Januari 1960, ilikuwa inamhukumu mtu ambaye mji ulikwisha kumpigia kura. Alipelekwa Jadotville, huko Katanga, lakini wajumbe wa Kongo waliokuwa Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara walidai aachiwe, na tarehe 25 Januari akafunguliwa. Siku moja baadaye alikuwa Brussels. Tarehe ya uhuru ikakubaliwa: Juni 30, 1960.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kukitazama kipindi hiki. Kiswahili kilifika Kisangani pamoja na Wangwana wa misafara ya biashara katika karne ya 19, na kilikwisha kuwa na mizizi wakati Tippu Tip alipofanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Lingala ilipanda mto na mashua na jeshi. Lugha hizo mbili zilikutana hapa, wala hakuna iliyomfukuza mwenzake. Kwa chama kilichokataa kuwa cha kabila, hiyo ilikuwa mali. Mwenyekiti wake, Mtetela kwa kuzaliwa, alizisema zote mbili, na msikilizaji wa Kisangani hakuwa na haja ya kuuliza lugha ya mama yake ni ipi. Hata dhihaka za kampeni zilivuka mipaka ya lugha. PNP, chama kilichoundwa Novemba 1959 na kuungwa mkono na machifu wengi na watawala, kilifasiriwa upya herufi zake kwa Lingala kuwa 'Pene Pene na Mundele', yaani karibu na Mzungu. Hakuna ilani iliyoweza kuijibu fasiri hiyo. Ilisambaa upesi kwa sababu ilihitaji herufi tatu tu, na kila aliyeona bango la PNP aliikumbuka.

Uchaguzi wa taifa ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 25 Mei 1960. Sheria ilitoa mbunge mmoja kwa kila watu 100,000, jumla wabunge 137, kwa orodha na kwa uwiano wa kura. Wabunge walichaguliwa na wanaume watu wazima moja kwa moja. Wajumbe wa Seneti, 14 kwa kila jimbo, walichaguliwa na mabaraza ya majimbo, na watatu miongoni mwao walipaswa kuwa machifu au wazee wa mila. Kwa hiyo aliyelikamata Baraza la Jimbo alishika pia sehemu ya Seneti. Katika Jimbo la Mashariki MNC-L kilipata viti 58 kati ya 70 vya Baraza, na 21 kati ya 25 vya Bunge. Jean-Pierre Finant akawa rais wa jimbo.

Tarakimu hizo zikiwekwa kando ya zile za nchi nzima, uzito wa Kisangani unaonekana. Kwa orodha zake chenyewe MNC-L kilipata wabunge 33, na 21 kati yao walitoka jimbo hili moja. Kivu ilitoa 5, Kasai 4, Equateur 2, Léopoldville 1, na Katanga haikutoa hata mmoja. Chama kilichojiita cha taifa kilikuwa, kwa hesabu ya viti, chama cha Mashariki chenye matawi ya mbali. Hili halipunguzi ukweli wa shabaha yake. Kinaonyesha tu ni kwa nini mkakati wake ulibidi kuwa na sehemu ya pili: kushinda peke yake palipowezekana, na pasipowezekana kuungana na waliokwisha kushinda. Pamoja na orodha ndogo zilizofungamana nacho, hasa za Kasai, MNC-L kilifikisha wabunge 41. PSA cha Gizenga na Kamitatu kilikuwa na 13, CEREA cha Kivu 10. Kwa kuwaongeza Wabaluba wa Balubakat, hesabu ilifika ukingoni mwa 69, ambayo ndiyo nusu na kidogo ya 137.

Ukingo huo ulipimwa Juni. Waziri wa Kibelgiji Ganshof van der Meersch alimpa Lumumba kazi ya kutafuta uwezekano wa serikali, kisha akamgeukia Kasa-Vubu. Tarehe 21 Juni Bunge lilimchagua spika wake: Joseph Kasongo wa MNC-L alipata kura 74, Jean Bolikango 58. Baada ya hapo haikuwezekana tena kumpita Lumumba, akapewa kazi ya kuunda serikali. Lakini katika Seneti kiti cha rais kilikwenda kwa Ileo, na usiku wa kuamkia Juni 24, serikali ilipoomba imani ya Bunge, ilipata kura 74, moja ikipinga, 5 zikijizuia, na wabunge 57 hawakuwapo. Zilizidi nusu kwa kura tano. Mkakati ulifanikiwa, lakini ulifanikiwa kwa kununua wingi huo kwa vyeo: baraza la mawaziri lilijaa watu ambao utii wao kwa waziri mkuu ulidumu kadiri mapatano yalivyodumu.

Katanga ilionyesha njia nyingine. Huko Conakat kilikuwa na viti 25 kati ya 60 vya Baraza la Jimbo, na wapinzani wake walisusia vikao ili akidi isitimie. Katikati ya Juni Bunge la Ubelgiji lilibadilisha sheria ya akidi, na serikali ya Tshombe ikaundwa. Kisangani ilipata wingi wake kwa kura. Kule kanuni ndiyo iliyosogezwa ili uchache utoshe. Na ni ajabu kwamba silaha ya kususia, iliyoachwa hapa, ilivunjwa kule kwa mstari mmoja wa sheria.

Kasa-Vubu alipotangaza tarehe 5 Septemba 1960 kwamba amemfukuza Lumumba, wabunge hawakumkimbia waziri mkuu kama ilivyodhaniwa. Siku mbili baadaye Bunge lilibatilisha ufukuzaji huo kwa kura 60 dhidi ya 19, na Seneti ikafuata kwa 41 dhidi ya 2. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akawasimamisha wanasiasa wote, na Bunge likafungwa. Wengi wa wabunge wa MNC-L walirudi Kisangani, ambako Gizenga alitangaza serikali mnamo Disemba. Lumumba aliuawa Katanga Januari 17, 1961. Finant, rais wa jimbo lililotoa viti 21, aliuawa Bakwanga mwezi uliofuata. Bunge lilipokutana tena Lovanium mnamo Julai 1961, wabunge waliobaki walimchagua Kasongo kuwa spika kwa mara ya pili.