Kwa nini akseleta ya baiskeli ya umeme haianzii sifuri

Nimekuwa nikihangaika na kitu kisicho na kibodi: baiskeli ya umeme ya mdogo wangu, hapa Mombasa, anayoitumia kusambaza mahamri alfajiri. Mimi ndiye niliyemfungia mota, kontrola na akseleta. Si mnajua, kwetu ukishajua kuandika programu unahesabiwa kuwa unajua kila kitu chenye waya.

Mwezi uliopita, akikata kona, baiskeli ilichomoka yenyewe. Akarudisha mkono wa akseleta, wapi! Akabana breki, mota ikaendelea kusukuma. Aliishia ukutani kwa jirani, goti limechanika, trei nzima ya mahamri mchangani. Aliniletea baiskeli akichechemea. "Kaka, hii kitu yako ina wazimu."

Haikuwa na wazimu. Ilitii ilichoambiwa, kama programu yoyote ile. Lakini ili nieleze iliambiwa nini, lazima nirudi nyuma hadi 1879.

Mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, mwanafunzi aitwaye Edwin Hall alipitisha umeme katika utando mwembamba wa dhahabu, akauweka kati ya ncha za sumaku. Akakuta kuna volti ndogo sana inayojitokeza kukingama njia ya umeme. Ukiongeza nguvu ya sumaku, volti inaongezeka. Ukigeuza sumaku, inageuka nayo. Hapo elektroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa, J. J. Thomson aliitambulisha mwaka 1897. Hall alikuwa amepima nyayo za mnyama asiyejulikana.

Kwa miongo mingi ugunduzi huo ulibaki maabara, kwa kuwa katika dhahabu volti hiyo ni ndogo mno kwa kazi ya mitaani. Ilibidi zije semikonda. Sisi wa kompyuta tuna sehemu yetu katika hadithi hii: mwaka 1968 Micro Switch, kitengo cha Honeywell, ilitoa kibodi ambayo kila kitufe kilikuwa na sumaku ndogo na sensa ya Hall. Hakuna chuma kinachogusa chuma, kwa hiyo hakuna cha kulika. Sababu ni ileile iliyoipeleka sensa hiyo kwenye usukani wa baiskeli.

Baiskeli ya umeme yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa Ohio, Marekani, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma, ikila umeme hadi ampea 100 kutoka betri ya volti 10. Mota tulikuwa nayo basi. Taabu ilikuwa kuitawala. Tramu za enzi hizo zilipunguza mwendo kwa kupitisha umeme kwenye vikinzani, hatua kwa hatua, na nguvu iliyozuiwa ikageuka joto la bure. Kwenye betri huo ni ufujaji. Dawa ilikuwa kuuwasha na kuuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kubadilisha urefu wa muda wa kuwaka. Transista za kuhimili kazi hiyo kwa bei ya kawaida zilichelewa hadi miaka ya 1980.

Hata hapo si kila mtu aliona haja ya akseleta. Tarehe 10 Januari 1985 Clive Sinclair, yule wa kompyuta ndogo za ZX, alizindua London gari lake la magurudumu matatu, C5. Lilikuwa na kitufe tu. Ukibonyeza linakwenda, ukiachia linaacha. Kabla mwaka haujaisha kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imeanguka. Sisemi kitufe ndicho kilichoiangusha, maana lilikuwa na dosari nyingine tele, lakini kumbukeni kitufe hicho, nitakirudia.

Mwaka 1993 Yamaha ilitoa PAS nchini Japani, baiskeli ambayo mota husaidia pale tu mguu unapokanyaga pedali. Ulaya nayo iliifuata njia hiyo katika sheria yake ya 2002: wati 250, kilomita 25 kwa saa, na pedali lazima. China ilikwenda njia nyingine. Huko mamilioni ya watu walizoea kuzungusha mkono kama wa pikipiki, na ndiyo maana vifaa vya bei nafuu vinavyotufikia kutoka huko huja na akseleta.

Sasa turudi kwenye baiskeli iliyoanguka. Ndani ya akseleta ya kuzungusha kuna sumaku iliyopinda na sensa ya Hall yenye miguu mitatu. Waya mwekundu unaleta volti 5 kutoka kontrola, mweusi ni hasi, na wa tatu, ambao rangi yake hubadilika kwa mtengenezaji, unarudisha ishara. Sensa ya aina hii haiwezi kugusa sifuri wala kufika 5. Ukiuachia mkono utapata kama volti 0.8, ukizungusha hadi mwisho utapata kati ya 3.6 na 4.2 hivi. Kontrola nayo hupuuza chochote kilicho chini ya takriban volti 1.

Nilipoielewa hiyo nilicheka peke yangu. Wanaprogramu wenzangu, hii ni tofauti ya sifuri na null! Volti 0.8 inasema "nipo, nimetulia". Volti 0 inasema "sipo kabisa, waya umekatika". Na 5 kamili haisemi "kasi ya mwisho", inasema "kuna kitu kimeharibika". Upungufu wa sensa umetupa nafasi mbili za kutambua hitilafu, moja chini na moja juu. Kontrola nzuri huzikagua zote mbili. Ya kwetu, ya bei ya kutupa, haikukagua ya juu.

Niliinua gurudumu lisiguse chini (msiruke hatua hii, tafadhali), nikachukua multimita. Kati ya mwekundu na mweusi upande wa akseleta: usukani ukiwa umenyooka, volti 5, ukiupinda, hakuna kitu. Upande wa kontrola volti 5 zilikuwepo muda wote. Waya mweusi ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, pale shingoni panapokunjwa kila kona. Hasi ikipotea, ishara mara nyingi hupanda kuelekea 5, na kontrola yetu ikasoma "vuta!"

Na breki? Hapo lawama ni yangu. Vishikio vya breki vilikuja na swichi za kukata mota. Siku ya kufunga, nyaya zake zilikuwa fupi, nami nikaziacha zikining'inia, nikijiambia nitazirefusha Jumamosi. Hiyo Jumamosi haikufika. Nilimwambia mdogo wangu hivyo hivyo, bila kuzunguka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nani atalipa mahamri.

Nikabadilisha waya, nikarefusha za breki, na kwa kuwa sensa ilikuwa imeshaota kutu miguuni kwa hewa ya bahari, nikaibadilisha pia. Nikajaribu. Baiskeli ikaruka kama chura: kimya, kimya, halafu kasi yote! Ilinichukua saa nzima kugundua nimeweka sensa ya Hall isiyo sahihi, ile ya kuwaka na kuzima inayotumika ndani ya mota kujua gurudumu liko wapi. Kwa macho ni pacha, miguu mitatu mitatu. Nilikuwa nimeunda kitufe cha Sinclair.

Sensa sahihi sasa iko mahali pake: 0.83 mkono ukiachiwa, 4.1 hadi mwisho. Mdogo wangu amerudi barabarani, lakini kila alfajiri kabla ya kupakia trei huinua gurudumu, huzungusha akseleta, hupinda usukani kushoto na kulia, kisha hubana breki kuona kama mota inakata. Hesabu ya mahamri nimelipa mimi.