Hongo, Cheti na Hodi: Taarikhi ya Mapito ya Ruvuma

Neno "hongo" leo halitajwi ila kwa kunong'ona. Ni fedha ipitayo chini ya meza. Ni kosa mbele ya sheria na aibu mbele ya watu, na hata yule anayeitaka hathubutu kuiita kwa jina lake. Huiita chai, au huiita ya maji. Lakini neno hili halikuzaliwa katika aibu. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipokuwa ikipanda bara, hongo ilikuwa ada ya njia, iliyotolewa mchana kweupe na mbele ya mashahidi. Msafara ulipofika katika milki ya mtu ulipiga kambi, wajumbe wakaenda na kurudi, pakapatanwa juu ya doti za nguo, shanga na waya wa shaba. Kisha ndipo njia ikafunguliwa. Hongo ya Ugogo ilikuwa mashuhuri kwa uzito wake, kwa sababu nchi ile ni kavu na hapana msafara uliodiriki kuivuka bila ya maji ya wenyeji. Mlipaji aliweza kunung'unika, na aghlabu alinung'unika. Lakini alijua alipialo. Alilipia kisima, alilipia soko la chakula, alilipia salama ya mizigo yake mpaka mwisho wa milki ile.

Si vyema, hata hivyo, kuipamba enzi ile kupita kiasi. Katika njia za kutoka pande za Ziwa Nyasa kushukia Kilwa na Lindi alikuwapo msafiri mmoja aliyepita kila lango bila ya kuulizwa jina lake. Huyo ni mtumwa aliyefungwa kongwa. Ada yake ilikwisha kulipwa na bwana wake, naye alihesabiwa pamoja na pembe. Alipofika pwani, forodha ya Sultani ilimtoza ushuru kwa kichwa kama itozavyo bidhaa yoyote. Mwenye kusimamishwa, kuhojiwa na kucheleweshwa alikuwa mtu huru, bidhaa ilipita. Hili ni jambo la kuwekwa akilini na kila atakayeisoma taarikhi ya mapito ya kusini, kwa kuwa litarudi tena na tena, kila mara kwa vazi jipya.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Mkunazini, Unguja, likafungwa. Mwaka 1876 akatangaza kupigwa marufuku misafara ya watumwa kwa njia ya nchi kavu. Katika mwaka huo huo Askofu Edward Steere, ambaye wapenzi wa lugha humjua zaidi kwa vitabu vyake vya sarufi na ngano za Kiswahili, alitoka Unguja pamoja na kundi la watu wapatao 55 waliokombolewa utumwani, wanaume na wanawake. Walivuka bahari mpaka Lindi, kisha wakashika njia kwa miguu. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, pande walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya majabali yale yanayosimama peke yake katika uwanda, wakasema hapa panatosha. Ndipo wakakaa.

Pana uzito katika safari hiyo ambao mara nyingi husahauliwa. Watu hawa walikwisha kuzijua njia za kusini hapo awali, lakini kwa kongwa. Sasa walirudi kwa miguu yao wenyewe, wakiomba ruhusa kwa wenye nchi, wakiulizwa majina na kuyajibu. Kuulizwa jina kulikuwa ndiyo dalili ya kwamba wamekuwa watu. Lakini uhuru ulioandikwa Unguja haukusomeka kwa kila mtu. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara, walilivamia koloni la Masasi, na baadhi ya waliokombolewa wakachukuliwa mateka tena. Cheti hakikuwa na nguvu ila pale palipokuwa na mtu wa kukiheshimu.

Tarehe 30 Disemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mto Ruvuma ndio mstari baina ya milki zao. Hapana mtu wa Newala, wala wa Mueda, wala wa Masasi aliyeulizwa. Wamakonde walikuwapo kila upande, na Wamakua na Wayao vivyo hivyo. Mto ulikuwa mahali pa kuchotea maji na kuvua samaki, na wakati wa kiangazi, maji yanapopungua na mchanga ukatokeza, ulikuwa mahali pa kupita kwa miguu. Ghafla ukawa ukuta.

Lakini ukuta humkinga aliye nyuma yake. Wa mwanzo kulitambua hilo ni wale waliotakiwa wainame. Machemba, mkuu wa Kiyao aliyetawala katika uwanda wa juu wa Makonde, alipotakiwa na Hermann von Wissmann aende kunyenyekea, alimjibu mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili akikataa katakata. Alipigana miaka mingi, na mwaka 1899, alipoona hawezi tena, akavuka Ruvuma na kuingia upande wa Wareno. Mstari uliochorwa na Wazungu ili wasigombane wao kwa wao ukawa ngao ya adui yao. Vita vya Majimaji vilipofika Masasi mwaka 1905, na majengo ya misheni yakachomwa moto, mto ule ule uliwapokea wengine waliokimbia kisasi cha serikali.

Mwaka uliofuata, 1906, alifika Masasi na Newala mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alikuja na askari na wapagazi, akakusanya vinyago, ngoma na vyombo vya nyumbani, na katika chombo cha kunasia sauti akazinasa nyimbo za watu. Vitu hivyo vilivuka mito, forodha na bahari hadi Ulaya. Wenye nyimbo walibaki, na tangu siku hizo walianza kudaiwa karatasi kila walipotaka kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Karatasi ya kwanza ilikuwa stakabadhi ya kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza wakaiendeleza na kuongeza ya kichwa. Stakabadhi ilikusudiwa kuthibitisha malipo, lakini njiani ikawa ni uthibitisho wa mtu mwenyewe. Asiyekuwa nayo alikuwa mtoro mpaka ithibitike vinginevyo. Desturi hiyo iliishi muda mrefu kuliko wakoloni. Hata baada ya Uhuru, msafiri wa vijijini alijua kwamba kwenye kizuizi mgambo atamwuliza kodi ya maendeleo, na wako walioacha barabara wakapita porini, mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003.

Hapa ndipo inapoeleweka safari ya neno hongo. Serikali iliichukua ile ada ya njia, ikaigawa, ikaiita kodi, ushuru na ada ya forodha, na kwa kila sehemu ikatoa stakabadhi. Kilichobaki nje ya stakabadhi ndicho kilichorithi jina la zamani. Neno halikubadilika, kilichotoweka ni ule wajibu uliokuwa upande wa pili wake. Mwenye nchi wa zamani alipokea nguo akatoa maji na salama. Anayepokea gizani leo hatoi kitu, ila huacha kumzuia mtu kufanya lililo haki yake.

Upande wa kusini wa mto, mzigo wa karatasi ulikuwa mzito zaidi. Chini ya Wareno palikuwa na kazi ya shokoa, waliyoiita chibalo, na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Maelfu ya Wamakonde wa Msumbiji walivuka kuja kaskazini, wengi bila ya ruhusa ya mtu, wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Tanga, na wengine wakafika Unguja na pwani ya Kenya. Huko ugenini walijifunza siasa. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda, mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno, kuwasikiliza Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wamerudi kutoka Tanganyika kudai haki za watu wao. Wajumbe hao walikamatwa, umati ukapaza sauti, na askari wakapiga risasi. Hesabu ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba tangu siku ile Ruvuma haukuwa tena mto wa wakata mkonge peke yao. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, vita vikaanza Septemba 1964, na wakimbizi wakamiminika. Tanganyika, kisha Tanzania, iliwapokea. Rutamba, katika Lindi, pakawa makaazi yao. Mtwara pakawa na hospitali ya wapiganaji. Katika miaka hiyo mlinzi wa upande wa kaskazini hakuwa mtu wa kufunga njia, alikuwa mtu wa kuifungua.

Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, Nyerere na Samora Machel walizungumzia kujenga daraja. Lilichukua miaka 35. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi hiyo hiyo, pamoja na Rais wa Msumbiji. Na tarehe 12 Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza wakalifungua. Lina urefu wa mita 720 na linaitwa Daraja la Umoja. Upande wa Tanzania ni Mtambaswala. Upande wa Msumbiji ni Negomano, mahali pale pale ambapo tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka likiwa na njaa na kuiteka kambi ya Wareno. Jeshi lile halikuonyesha cheti kwa mtu yeyote.

Msafiri atokaye Lisekese, katika mji wa Masasi, akapita Mangaka na kuteremka mpaka darajani, hukutana na jambo ambalo ramani haliwezi kulieleza. Katika foleni, mbele yake na nyuma yake, wanazungumza Kimakonde na Kimakua. Wengine ni ndugu: wanakwenda mazikoni, harusini, au kuuza magunia mawili ya mahindi. Lakini nyuma ya meza huenda ameketi ofisa aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua lugha yoyote kati ya hizo. Upande mmoja anauliza kwa Kiswahili, upande wa pili kwa Kireno. Anayeuliza ni mgeni, anayeulizwa ni mwenyeji. Hata ofisa akiwa mwadilifu, na wako wengi waadilifu, hawezi kulijua lile alilolijua mwenye nchi wa zamani: huyu ni mtoto wa nani. Ndiyo maana anadai karatasi.

Asiye na karatasi hulipa kwa umri wake. Wamakonde waliofika pwani ya Kenya wakati wa ukoloni kufanya kazi za mashamba walizaa watoto na wajukuu huko, na kwa miongo mingi hawakutambuliwa kuwa raia. Bila ya kitambulisho, kila kizuizi cha polisi kilikuwa mpaka wa nchi. Mwezi Oktoba 2016 walitoka Kwale wakaelekea Nairobi kwa miguu kudai kutambuliwa, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho na kuhesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wazee wao waliuvuka Ruvuma ili wasiandikwe na Wareno. Wajukuu wakatembea ili waandikwe.

Wakati huo huo mto wenyewe ulikuwa ukifungwa. Mwanzoni mwa 2017 Watanzania waliokwenda kutafuta rubi na biashara Montepuez walifukuzwa na kurudishwa kupitia mpakani. Mwezi Oktoba mwaka huo Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na vita vikaenea Cabo Delgado. Mwezi Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto na kukivamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tanzania ilikuwa na sababu ya kuhofu, na hapana anayeweza kuibeza khofu ya waliozika. Lakini baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kutafuta hifadhi, wakiwemo wanawake na watoto wengi, walikuwa wamerudishwa kwao tangu mwanzo wa mwaka huo. Walirudishwa kupitia Negomano, penye Daraja la Umoja. Miongoni mwa watu wa kizazi chao wamo ambao wazee wao walipokewa Rutamba.

Ada ya pwani ni kwamba mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Ni ada njema, na imewafaa majirani kwa karne nyingi. Lakini ilitungwa kwa ajili ya mgeni aliye na nyumba ya kurudia.