Kutega, Kutegua na Kubonyeza Kitufe: Mashindano ya Maswali kutoka Loliondo hadi kwenye Televisheni

Historia ya mashindano ya maswali katika Afrika Mashariki huelezwa mara nyingi kana kwamba ilianza pale televisheni ilipoingia. Kwa kipimo hicho Tanzania Bara, iliyopata televisheni mwaka 1994, ilichelewa, na Loliondo, tarafa ya mpakani kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, ilichelewa zaidi. Makala haya yanachukua mkabala tofauti. Yanaliangalia shindano la televisheni kama aina moja tu ya mchezo wa kuulizana, na kulilinganisha na mchezo wa vitendawili uliochezwa na watoto wa Kimaasai wa eneo hilo, na baadaye na vitendawili vya Kiswahili vilivyofundishwa shuleni. Hoja inayojengwa ni kwamba mbinu za washindani hutokana kwanza na adhabu. Ukijua mchezo unamwadhibu nani, aliyekosa au aliyeharakisha, unaweza kubashiri ni ujuzi wa aina gani utakaoshinda.

Vitendawili vya Wamaasai viliingia katika maandishi mapema. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya Uingereza, alichapisha mwaka 1905 kitabu kuhusu lugha na simulizi za Wamaasai, na ndani yake akatenga sehemu ya vitendawili. Mwaka mmoja kabla yake Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani, alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu Wamaasai wa upande wa kusini. Loliondo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, na Hollis alifanya kazi upande wa pili wa mpaka. Hata hivyo mpaka uliochorwa na wakoloni haukuugawa mchezo. Waloita na Wapurko waliishi, na bado wanaishi, pande zote mbili, na mwito wa mtegaji, "Oyiote!", pamoja na itikio lake lenye maana ya "imekuja", haukuwa mali ya koloni moja.

Kinachovutia katika vitendawili hivyo ni wepesi wa majibu yake. Kimoja kinauliza juu ya kitu kirefu ambacho hata hivyo hakifiki kwenye kiwele cha kondoo. Jibu ni njia. Kingine kinataja ngozi mbili, moja ya kulalia na nyingine ya kujifunikia, nazo ni ardhi na mbingu. Hakuna mtoto wa boma asiyeijua njia, wala asiyewahi kulala chini ya mbingu. Mtegaji hashindi kwa sababu ana taarifa ambayo mwenzake hana. Anashinda kwa kukiweka kitu cha kila siku katika pembe ambayo mwenzake hajawahi kukitazama. Ndiyo maana ni kosa kuuita mchezo huu mtihani wa maarifa ya jumla, kosa linaloonekana hata katika kazi nzuri za fasihi simulizi.

Hii haina maana kwamba maarifa ya kina hayakuwapo. Mtoto mchungaji alitakiwa kumtambua ng'ombe kwa rangi, kwa mabaka, kwa umbo la pembe na kwa alama ya ukoo iliyochomwa kwenye ngozi yake, na msamiati wa Kimaa wa rangi za mifugo ni mpana kuliko Kiswahili sanifu kinavyoweza kuubeba. Lakini ujuzi huo ulipimwa malishoni, jioni mifugo iliporudi, ambapo kosa lilimaanisha ng'ombe aliyepotea. Kitendawili kilikuwa uwanja mwingine. Hapo aliyekosa hakupoteza mali, na hakuna saa iliyomhesabia sekunde. Angeweza kukisia, akakataliwa, akakisia tena. Mbinu ya mteguaji ilikuwa subira: kuyapima maneno moja moja, hasa yale yaliyoonekana kuwa ya kawaida kupita kiasi.

Shule ilileta sura ya pili ya mchezo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilielekeza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia mwaka 1977, na lugha ya kufundishia katika shule za msingi ilikuwa Kiswahili. Mtoto wa Loliondo, aliyezungumza Kimaa nyumbani, au Kibatemi ikiwa alitoka vijiji vya Wasonjo vya tarafa jirani ya Sale, alikutana darasani na mwito mpya: "Kitendawili!", na itikio "Tega!". Pamoja na mwito huo ilikuja kanuni ya mji. Aliyeshindwa kutegua hutakiwa kumpa mtegaji mji, na mtegaji anaweza kuukataa mji asioutaka. Akiukubali, hueleza alivyoufikia na alivyoufaidi, kisha ndipo anatoa jibu.

Kanuni hii inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa, kwa sababu inauingiza mchezo katika biashara. Mteguaji mwenye akili huanza na kijiji kidogo, kwa matumaini kwamba mtegaji atachoka kungoja na kukipokea. Mtegaji naye hukataa Wasso, hukataa Karatu, akisubiri Arusha au Dar es Salaam. Jibu huwa rehani. Mtoto aliyeutoa mji mkubwa alilipia ujinga wake kwa jiografia, na huenda alikuwa akitoa mahali ambapo hajawahi kupaona. Adhabu inaendelea kumwangukia asiyejua, ila sasa ina thamani inayojadiliwa, na mjuzi wa kupatana anaweza kushindwa vitendawili vingi bila kufilisika.

Mfumo uliokuja kutawala televisheni ulizaliwa kwingine. College Bowl ilianza kwenye redio ya NBC nchini Marekani mwaka 1953, ikahamia televisheni ya CBS mwaka 1959. Mwaka 1962 Granada ya Uingereza iliupokea muundo huo kwa jina la University Challenge. Timu mbili za wanafunzi wanne wanne huketi mbele ya vitufe. Swali la kufungulia lina alama 10, na timu iliyolijibu hupewa maswali matatu ya nyongeza yenye alama 5 kila moja. Hivyo swali moja la kufungulia linaweza kuzaa alama 25. Mshiriki anaruhusiwa kubonyeza kitufe kabla swali halijamalizika, lakini akikatiza na kukosea, timu yake hupoteza alama 5 na wapinzani husomewa swali lote.

Hapa adhabu imegeuzwa. Anayenyamaza hapotezi alama. Anayeharakisha vibaya ndiye anayelipa. Lakini bei ya haraka ni ndogo ikilinganishwa na faida. Timu inayokatiza mara mbili, ikapata moja na kukosa moja, bado ina alama 5 mkononi kabla ya maswali ya nyongeza, ingawa wapinzani wamepata nafasi ya kulijibu lile lililokosewa. Kusubiri uhakika kamili, ile sifa kuu ya mteguaji wa bomani, kunawaachia wengine kitufe. Timu nzuri kwa hiyo hujifunza kusikiliza swali kama mwindaji anavyosikiliza majani: neno la tatu au la nne linaweza kutosha kuonyesha swali linaelekea wapi. Wanachama hugawana maeneo, mmoja historia, mwingine sayansi, na nahodha hujifunza kumwamini mwenzake katika sekunde chache za mashauriano.

Mfumo huo pia ulimtenga mtunga swali na wachezaji, na hapo ndipo matatizo yake makubwa yalipoanzia. Bomani mtegaji yuko mbele yako, na kesho utamtega wewe. Studioni jibu linakaa katika karatasi ya mtu asiyeonekana. Katika kipindi cha Marekani cha Twenty-One, Charles Van Doren alimshinda Herbert Stempel mwaka 1956 baada ya watayarishaji kupanga mchezo na kutoa majibu mapema. Van Doren alikiri mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1959. Uingereza ilishuhudia uasi wa aina nyingine mwaka 1975. Timu ya Chuo Kikuu cha Manchester ilijibu maswali kwa kutaja majina ya wanamapinduzi kama Trotsky na Che Guevara, ikipinga vyuo vidogo vya ndani ya Oxford na Cambridge kuruhusiwa kuingiza timu zao mbalimbali. Kati ya matukio hayo mawili, la pili lina uzito zaidi kwa makala haya, kwa kuwa halikuhusu udanganyifu. Lilihusu nani amepewa viti vingi mezani kabla swali la kwanza halijasomwa.

Swali hilo hilo liliingia Afrika Mashariki mwaka 2007, lilipoanza shindano la televisheni la vyuo vikuu la Celtel Africa Challenge, lililoongozwa na mwigizaji na mwandishi Mkenya John Sibi-Okumu. Vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania vilikuwa miongoni mwa washiriki, na kampuni ilipobadili jina mwaka 2008 shindano likaitwa Zain Africa Challenge. Lugha yake ilikuwa Kiingereza. Kwa mwanafunzi aliyelelewa Loliondo na kufika chuo kikuu, hiyo ilikuwa lugha ya tatu: Kimaa cha nyumbani, Kiswahili cha shule ya msingi, Kiingereza cha sekondari. Katika mchezo usio na saa, kufikiri kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine hakugharimu kitu. Penye kitufe, nusu sekunde ya kutafsiri ndiyo inayomtofautisha aliyejibu na aliyekuwa akijua. Wanaopima elimu ya vyuo kwa matokeo ya mashindano kama haya hupaswa kuihesabu nusu sekunde hiyo, na kwa kawaida hawaihesabu.

Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ilinunua biashara ya Zain katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, na jina la Zain likaondoka katika masoko hayo.