Maji, adui mkubwa wa viwanda vya esta

MAFUTA ya kula yaliyochacha, au yaliyokaangiwa mara nyingi, huwa na asidi za mafuta kwa wingi. Mpishi huyamwaga, ilhali mwenye kiwanda cha dizeli ya mimea huyatafuta kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hata hivyo, naye humpa taabu.

Njia ya kawaida ya kutengeneza dizeli hiyo ni kuchanganya mafuta safi na methanoli, ambayo ni aina ya pombe yenye sumu, pamoja na kichocheo cha alkali, kwa joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Kilo 100 za mafuta na takriban kilo 11 za methanoli hutoa karibu kilo 100 za esta, ndiyo dizeli yenyewe, na kilo 10 hivi za gliserini. Mafuta yakiwa na asidi nyingi, asidi hizo hukila kichocheo na kugeuka sabuni, na esta ikashindwa kujitenga na gliserini.

Kwa sababu hiyo, asidi hugeuzwa kuwa esta kwanza, kwa kichocheo kama asidi ya salfa. Hapo ndipo maji yanapoingilia kati. Kila molekuli ya esta huzaliwa pamoja na molekuli moja ya maji, na maji hayo huweza kuirudisha esta kuwa asidi. Ndani ya tangi lililofungwa, kazi hufika mahali ikakwama, hata mchanganyiko upashwe moto usiku kucha.

Dawa yake ni mnara unaofanya kazi mfululizo. Asidi za mafuta huingia juu na kutiririka kutoka trei moja hadi nyingine, huku mvuke wa methanoli ukipanda kutoka chini, kwa joto linalozidi nyuzi 100. Mvuke huyabeba maji na kutoka nayo kileleni. Esta, ambayo haichemki upesi, hushuka. Asidi chache zilizosalia hukutana na methanoli kavu kabisa kule chini, zikakosa pa kukimbilia. Methanoli hutenganishwa na maji, kisha hurudishwa mnarani.

Fikra ya kuendesha injini kwa esta ni ya zamani, na ina mkono wa Afrika. Mwaka 1937 G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipewa hataza nchini Ubelgiji kwa esta za mawese ya Kongo, na mwaka 1938 basi la abiria lilizitumia kati ya Brussels na Leuven.

Indonesia, mzalishaji mkuu wa mawese duniani, iliagiza mwaka 2025 kwamba dizeli yake ichanganywe na asilimia 40 ya mafuta ya aina hiyo. Mawese hayo ndiyo yale yale yanayogombewa na majiko, yakiwamo ya Afrika Mashariki. Asidi zinazoondolewa wakati wa kuyasafisha kwa ajili ya kula ni miongoni mwa malighafi za minara hiyo.