Kwaya Zetu Katika Vitabu vya Wasomi

Kwenye yubilei tumezoea kuhesabu nyimbo tulizoimba, safari tulizokwenda na sare tulizoshona. Katika ukurasa huu tunasimulia jambo lingine: jinsi kwaya za Afrika Mashariki zilivyoingia katika utafiti wa vyuo vikuu, na kwa nini jambo hilo linatugusa sisi wa Suneka.

Zamani wasomi wengi waliotafiti muziki wa Kiafrika walifuata ngoma na ala za jadi. Kazi hiyo ilikuwa njema. Washington Omondi, mmoja wa waliotayarisha wimbo wetu wa taifa mwaka 1963, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980 kwa kuchunguza thum ya Waluo, ambayo ni ndugu ya obokano yetu. Lakini kwaya ya kanisa ilipitwa. Wengi waliiona kuwa mali ya wamisionari, isiyo na jipya la kuchunguzwa.

Miaka ya tisini mambo yalianza kubadilika. Mwanafunzi Mmarekani, Gregory Barz, alikwenda Dar es Salaam, akakaa na Kwaya ya Upendo ya usharika wa Kilutheri wa Azania Front. Alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1997, na mwaka 2003 akatoa kitabu, Performing Religion. Alichoona humo kila mwanakwaya anakijua: kwaya ina mwenyekiti, katibu na mwekahazina, mwenzao akifiwa wanafika, akiugua wanamtazama, akioa wanamchangia. Aliandika kwamba kwaya ni jamii kamili inayowalea watu wake, na kwamba kuimba ni sehemu moja tu ya kazi yake.

Mwaka 2006 Barz alitoa kitabu kingine kuhusu Uganda, akieleza jinsi vikundi vya akina mama vilivyotumia nyimbo na michezo kufundisha kuhusu Ukimwi na kuwaondolea wagonjwa aibu.

Karibu zaidi nasi ni Jean Kidula, Mkenya aliyepata udaktari Marekani mwaka 1998 kwa utafiti wa muziki wa Injili nchini Kenya. Kitabu chake cha mwaka 2013 kinahusu nyimbo za Kikristo za Walogooli, ambao wazee wetu husimulia kuwa ni ndugu zetu wa damu. Anaonyesha kwamba Walogooli hawakupokea tu tenzi za wageni. Walitunga za kwao, kwa sauti zao na lugha yao.

Utafiti wa namna hii hauendi bila fedha. Mtu lazima akae na watu miezi mingi, apate nauli, chakula na kinasa sauti. Ndiyo sababu kuna misaada ya masomo, kama Fulbright ya Marekani iliyoanza mwaka 1946, na ile ya Jumuiya ya Madola iliyoanzishwa mwaka 1959. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti. Lakini anayetoa fedha huuliza: muziki huu umewafanyia watu nini?

Jibu letu limo ndani ya madaftari ya katibu. Humo mna mahudhurio ya mazoezi, michango ya misiba, karo tulizochangiana, na majina ya vijana waliojifunza solfa kwetu kabla ya kuajiriwa. Kwetu hizo ni kumbukumbu za kawaida, lakini kwa mtafiti ni ushahidi. Mengine hayamo katika daftari lolote. Ni wimbo gani uliingia kwa sauti ya arusi ya Kigusii? Nani alitafsiri maneno yake? Hayo wanayajua wazee wachache waliobaki, na kila mazishi yanapunguza idadi yao.

Kwa hiyo, mtafiti akija tumkaribishe, lakini kwa utaratibu. Aonyeshe kibali cha NACOSTI. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi. Akimaliza, atuletee nakala ya kazi yake, na aje aisome mbele yetu kwa lugha tunayoielewa.

Zaidi ya hayo, tungependa mtafiti huyo atoke miongoni mwetu. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, hakiko mbali. Mwanakwaya anayesoma shahada ya uzamili na anayetafuta mada, ajue kwamba iko hapa, na wazee wako tayari kuongea naye.

Baada ya chakula cha leo, katibu atakaa mezani karibu na mlango. Mwenye picha, kanda ya kaseti au karatasi ya solfa ya zamani amwonyeshe. Itaandikwa jina la mwenyewe, ipigwe picha, na arudi nayo nyumbani. Wazee wataketi upande wa kulia, na vijana wawili watakuwa na simu za kuwarekodi.