Jinsi ya kupaka vanishi nyuzi za mwanzi wa kuvulia

Katika mwanzi wa kuvulia uliotengenezwa kwa mkono, pete zinazopitisha mshipi hazipigwi misumari. Hufungwa kwa uzi, aghalabu wa hariri, uliozungushwa mara nyingi bila kuacha nafasi. Uzi huo ukiachwa mtupu, maji ya chumvi huupenya, hulegea, na pete hung'oka siku ile samaki mkubwa anapovuta. Kinga yake ni vanishi.

Vanishi inayofaa ni ile ya milingoti na foromali za vyombo vya tanga. Hata ikikauka hubaki na unyumbufu, ikapinda pamoja na mwanzi bila kupasuka, na huvumilia jua.

Kwanza ondoa vinyweleo vya uzi kwa kuupitisha upesi juu ya moto mdogo usio na moshi. Futa vumbi na mafuta ya vidole. Usiutikise mkebe wa vanishi, kwani mapovu yatabaki juu ya kazi yako, koroga taratibu.

Mpako wa kwanza ndio muhimu kuliko yote. Uzimue kwa tapentaini ili uzame ndani ya uzi hadi kwenye mwanzi. Pitisha brashi kidogo nje ya ukingo wa uzi, kiasi cha milimita 1, maana maji huanzia hapo kuingia.

Hariri ikishanywa vanishi hubadilika: nyekundu hukolea, nyeupe karibu itoweke na mwanzi ukaonekana chini yake. Ipo dawa ya kuhifadhi rangi inayopakwa kabla, lakini huzuia vanishi kuzama vizuri. Anayetaka uimara aiache.

Mipako inayofuata iwe myembamba, mitatu au zaidi, mpaka mistari ya uzi isisikike kidoleni. Geuzageuza mwanzi ili vanishi isijikusanye upande mmoja. Subiri angalau siku nzima kati ya mpako na mpako. Wakati wa masika, subiri zaidi. Ikiwa bado inanuka, haijakauka ndani. Mpako mnene wa kumaliza kazi kwa siku moja hukauka juu tu, kisha hukunjamana.

Ukirudi baharini, suuza mwanzi kwa maji matamu, uufute, kisha ukague miguu ya pete. Ufa mdogo hapo hutibiwa kwa tone la vanishi. Ukipuuzwa, utafunga upya pete nzima.