Amirali Max Horton: Haramia Aliyekabidhiwa Misafara

Mwaka 1901, Waingereza walipokuwa ndio kwanza wanaunda nyambizi zao za awali, Amirali Arthur Wilson, mtu aliyekuwa na nishani ya Victoria Cross kifuani na sauti yenye kusikizwa miongoni mwa wakuu wa Jeshi la Maji, alikitazama chombo hicho kwa karaha isiyofichika: kwake yeye kilikuwa chombo cha hila, chenye kupiga kwa kujificha, kisichowastahili mabaharia waungwana, na yasimuliwa ya kwamba alitaka mabaharia wa nyambizi za adui wakikamatwa vitani watendewe kama maharamia, ambao hukumu yao tangu kale ilikuwa kitanzi.

Max Horton, aliyezaliwa mwaka 1883 kisiwani Anglesey na kuingia jeshini mwaka 1898 akiwa angali mtoto, hakutishwa na maneno hayo. Alijiunga na nyambizi zilipokuwa bado zikiendeshwa kwa petroli, mafusho yakiwalevya watu mle ndani. Na kilichomvuta, kwa maoni yangu, hakikuwa uzalendo mtupu, kwani katika manowari kubwa kijana kama yeye angengoja miaka na miaka kabla hajaitwa nahodha, hali katika nyambizi alikabidhiwa chombo chake mwenyewe mapema kabisa.

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1914, karibu na kisiwa cha Heligoland, nyambizi yake E9 iliifumania manowari ya Kijerumani iitwayo Hela, ikaitupia topido mbili, nayo ikazama. Kisha Horton na watu wake wakakaa chini kwa saa nyingi huku manowari za adui zikiwatafuta juu ya vichwa vyao. Alipoingia bandari ya Harwich alikuwa amepandisha bendera ya maharamia, yenye fuvu na mifupa miwili, kama jawabu la kejeli kwa amirali yule, na desturi hiyo ikashika mizizi: mwaka 1982 nyambizi Conqueror, baada ya kuizamisha manowari General Belgrano ya Argentina, ilirejea Scotland ikipeperusha bendera ya namna ile ile.

Oktoba 1914 yeye na Noel Laurence, kila mmoja na nyambizi yake, walipenya mlango mwembamba ulio kati ya Denmark na Sweden wakaingia bahari ya Baltiki, ambayo Wajerumani waliihesabu kuwa milki yao. Ilipofika Januari, bahari ikaganda, na ikadhaniwa kwamba kazi ya nyambizi imekwisha hadi majira ya joto. Horton akaomba merikebu ya kuvunjia barafu imfungulie njia. Huko nje maji yaliyorukia sitaha yaliganda papo hapo, vifuniko vya topido vikazibwa na barafu, periskopu ikakataa kugeuka. Akaamuru chombo kizamishwe, na maji ya chini, yaliyokuwa na chumvi zaidi na baridi pungufu, yakaiyeyusha barafu ile. Wajerumani wakaanza kuiita Baltiki bahari ya Horton. Lakini Warusi, washirika wa Waingereza katika vita hivyo, walipoomba Horton afanywe mkuu wa Waingereza huko, jawabu la London likawa kwamba mtu huyu ana uharamia ndani yake, hafai kwa cheo hicho. Mzaha wa bendera ulimgeukia.

Miaka ya amani naipita upesi. Januari 1940 aliwekwa kuwa mkuu wa nyambizi zote za Uingereza, na mwaka huo huo aliikataa amri ya kundi kubwa la manowari za nyumbani, kwa kuwa ndege za kulilinda hazikuwa chini ya mkuu wake. Tarehe 17 Novemba 1942 akapelekwa Liverpool kuilinda misafara ya merikebu za mizigo katika Atlantiki, katika mwezi ambao nyambizi za Wajerumani zilizamisha merikebu za jumla ya tani zaidi ya 700,000. Wahenga walikwisha kusema, mchawi mpe mwana amlee.

Haki ya mtangulizi wake, Percy Noble, isidhulumiwe, maana mafunzo na mipango mingi ilikuwa yake. Juu ya jengo la Derby House, makao ya amri yake huko Liverpool, Horton alikuta chumba ambamo vita vilichezwa kwa chaki sakafuni, na mabinti wa jeshi la wanawake wa bahari wakiendesha mchezo. Horton akacheza upande wa nyambizi, na binti mmoja akamzamisha mara tano. Inasemekana alilalamika kwamba amepunjwa.

Alichokuja nacho mwenyewe ni kumbukumbu ya kuwindwa. Manowari iliyofungamana na msafara huiacha nyambizi baada ya muda mfupi, kwa kuwa merikebu zinazidi kwenda, na nahodha aliye chini hujua kwamba subira yake itamwokoa. Bali kundi la manowari lisilo na msafara wa kufuata laweza kumkalia juu usiku na mchana, hata betri ziishe nguvu na hewa ichafuke. Makundi kama hayo ndiyo aliyoyapigania, yakisaidiwa na ndege za masafa marefu, akayapata Machi 1943. Mwezi wa Mei Wajerumani wakapoteza nyambizi 41, na tarehe 24 Karl Dönitz, mkuu wao, naye nahodha wa nyambizi wa zamani aliyetekwa na Waingereza mwaka 1918, akaziondoa nyambizi zake katika Atlantiki ya Kaskazini.

Horton hakuwa mtu wa kupendeka: alasiri alicheza gofu, na usiku wa manane alishuka chumba cha ramani amevaa nguo za kulalia, akiwahoji maofisa waliochoka kwa ukali usio na huruma. Tarehe 14 Mei 1945, huko Lisahally katika Ireland ya Kaskazini, alizipokea nyambizi nane zilizokuja kusalimu amri. Agosti akastaafu, mwaka 1946 akapewa kazi ya kusimamia sherehe za nishani ya Bath, akivaa majoho ya tarishi wa mfalme, na alipofariki mwaka 1951 alifanyiwa maziko ya heshima katika kanisa kuu la Liverpool.